Fundi Ana Mikono Miwili Tu

Nendeni sokoni Kolwezi, au mpite tu katika vichochoro vya mitaa yetu, nanyi mtamkuta fundi wa redio na simu ameketi nyuma ya kimeza chake, ameinama hata pua yakaribia kugusa kazi. Tazameni mikono yake. Mkono wa kuume umeshika chuma cha kulehemu chenye moto. Mkono wa kushoto umeshika waya wa lehemu. Basi kile kipande kidogo anachokiunga, chenye miguu miembamba kama sindano, nani anakishika?

Swali hili laonekana dogo. Lakini ndilo linalowashinda wanafunzi wengi, tena wenye akili, siku wanapopata kwa mara ya kwanza kifurushi cha vipande vya umeme vya kujifunzia. Wengine huunguza vidole. Wengine huunga vibaya, taa isiwake, nao husema kwamba elimu hii haikuumbwa kwa ajili yao. Na wengine, hili ndilo lililotufanya tushike kalamu, hutia waya wa lehemu mdomoni na kuushika kwa meno, ili mkono mmoja ubaki huru kushika kipande. Hili la mwisho si ushujaa hata kidogo, nasi tutalieleza mahali pake.

Vipande 10, miguu 22

Tuchukue mfano ulio rahisi, ambao karibu kila mwanafunzi huanza nao: taa mbili ndogo zinazopokezana, hii ikiwaka ile yazimika. Katika kifurushi chake mna rezista 4, kapasita 2, transista 2, na taa za ledi 2. Rezista, kapasita na taa zina miguu miwili miwili. Transista zina mitatu mitatu. Hesabuni wenyewe: miguu 22, pamoja na nyaya 2 za betri. (Mbinu hii ya kupokezana si changa. Wafaransa wawili, Henri Abraham na Eugène Bloch, waliitangaza mwaka 1919, nao walitumia vali za kioo zilizo kubwa kama chupa ndogo, kwa kuwa transista ilikuwa bado kuvumbuliwa hata mwaka 1947.)

Vipande hivyo vyote hukaa juu ya ubao mdogo. Upande wa nyuma wa ubao umebandikwa njia za shaba, na njia hizo ndizo zinazopitisha umeme badala ya nyaya. Mtu aliyeanzisha jambo hili ni Paul Eisler, mzaliwa wa Austria, aliyeunda redio yenye ubao wa namna hii huko London mwaka 1936. Miguu ya kipande huingizwa katika matundu kutoka upande wa mbele, ikatokea nyuma penye shaba, na hapo nyuma ndipo inapolehemiwa. Na taabu yote ya kazi imo katika maneno hayo machache. Maana, ili ulehemu, huna budi kuugeuza ubao chali. Na ukiugeuza, vipande ulivyovipanga kwa uangalifu vyaanguka mezani vyote pamoja.

Mwanafunzi mmoja wa miaka 14 alipofika hapo alituuliza kwa uchungu, "Mwalimu, nifanye namna gani? Mikono imekwisha."

Kiungo huzaliwa kinapopoa

Kabla ya kumjibu kijana huyo, yafaa tufahamu lehemu ni kitu gani. Lehemu ya zamani, ambayo ingali inauzwa sana, ni mchanganyiko wa bati na risasi. Bati peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 232. Risasi peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 327. Ajabu ni hii: mkizichanganya, sehemu 63 za bati kwa 37 za risasi, mchanganyiko wayeyuka kwenye nyuzi 183 tu, chini ya zote mbili. Shaba yenyewe yangoja mpaka nyuzi 1085. Ndiyo sababu lehemu yaweza kuwa maji juu ya shaba, na shaba isidhurike.

Wengi hudhani kwamba kazi ya fundi imekwisha mara lehemu inapoyeyuka na kung'aa kama kioo. Sivyo. Lehemu iliyoyeyuka bado haijashika kitu kwa nguvu. Hushika inapoganda, na kuganda huko huchukua muda, ambao ni mfupi, lakini ni muda. Mchanganyiko wa 63 kwa 37 huganda ghafula. Ule wa 60 kwa 40, ambao ni wa kawaida sana, hupita kwanza katika hali ya uji, si maji wala si chuma. Mguu wa kipande ukitikisika wakati huo wa uji, kiungo huvunjika ndani kabla hakijawa kiungo. Kwa nje kitaonekana kimekamata. Pengine taa itawaka siku ile ile, mwanafunzi afurahi, aonyeshe nyumbani. Wiki ya pili imezimika, wala hakuna anayejua kwa nini. Kosa la namna hii ni baya kuliko lile linaloonekana mara moja, kwa kuwa humfundisha mtoto kwamba umeme ni uchawi.

Kwa hiyo kipande kishikwe kisitikisike, na kiendelee kushikwa hata baada ya moto kuondolewa. Hesabu moja mpaka tano polepole. Vidole vya binadamu havifai kazi hii. Hutetemeka, tena moto hupanda kwa mguu wa shaba upesi sana, na mtu anayeungua hawezi kutulia mpaka tano.

Tuseme na jambo la rangi, maana vitabu vya zamani vyapoteza watu hapa. Vyasema kiungo kizuri hung'aa, na kilichofifia ni kibaya. Hayo ni kweli kwa lehemu yenye risasi. Lakini tangu tarehe 1 Julai 2006 nchi za Umoja wa Ulaya zimekataza risasi katika vyombo vingi vya umeme, na lehemu isiyo na risasi, inayoyeyuka karibu na nyuzi 217, hufifia hata ikiwa njema. Someni kwanza maandishi ya kibandiko cha waya wenu, ndipo mhukumu.

Hilo la meno

Sasa turudi kwa wale wanaoshika waya kwa meno. Tumewaona watu wazima wakifanya hivyo, tena mafundi hodari, na vijana huwaiga. Waya ule zaidi ya theluthi yake ni risasi. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara. Risasi hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, na mtoto mdogo aliyeimeza hufyonza mwilini mara 4 hata 5 kuliko mtu mzima. Mtoto anayedhurika hivyo haugui homa ili mama apate kujua. Huwa tu mzito wa kujifunza, naye huitwa mvivu.

Moshi unaopanda wakati wa kulehemu si moshi wa risasi, kwa sababu moto wa chuma chetu hautoshi kuigeuza kuwa mvuke kwa kiasi cha kuogopwa. Ni moshi wa utomvu wa msonobari, uliotiwa ndani ya waya ili usafishe shaba. Huo nao wachoma kifua na waweza kuleta pumu. Kwa hiyo kazi ifanyike dirishani au barazani, na uso usiwe juu ya moshi. Lakini risasi yenyewe huingia kwa njia ya mkono na mdomo. Anayelehemu asile mkate katikati ya kazi. Akimaliza, anawe kwa sabuni, na mezani pafutwe kwa kitambaa chenye maji kabla ya mdogo wake hajaja kuchezea pale.

Wazazi, mkiona kijana ameuma waya kwa meno, msimpige. Mpeni kitu cha kushikia.

Meza nayo ni mkono

Kitu cha kwanza cha kushikia ni meza yenyewe, nayo haiuzwi dukani. Siri yake ni mpango. Usitie vipande vyote kwa mara moja. Anza na vile vifupi, yaani rezista, zinazolala chini kabisa juu ya ubao. Zitie zote 4, funika kwa kipande cha katoni, geuza ubao pamoja na katoni, weka mezani. Sasa rezista zimebanwa baina ya ubao na meza, haziwezi kuanguka wala kuinuka. Lehemu miguu yote 8, kata iliyozidi, ugeuze tena. Ndipo ufuate taa za ledi na transista, na mwisho kapasita zilizo ndefu kama minara. Mtu akianza na minara hiyo, ubao hautalala sawa tena, na rezista zitaning'inia hewani bila kitu cha kuzibana. Twathubutu kusema kwamba nusu ya machozi ya wanaoanza hutoka katika kosa hili moja.

Badala ya katoni, sisi twapenda zaidi kipande cha godoro la sponji, kiasi cha kiganja. Hujipinda kufuata kila kipande, kirefu na kifupi, na kukisukuma chote kuelekea ubao. Magodoro yaliyochakaa hayakosekani katika nyumba zetu. Angalieni tu chuma cha moto kisiguse sponji, maana huyeyuka kwa harufu mbaya.

Wako mafundi wanaotegemea kukunja miguu. Wakiisha kuingiza kipande, huitanua miguu yake nyuma ya ubao kama mtu aliyesimama imara, kisha hulehemu bila hofu. Njia hii ni njema, lakini ina kiasi chake. Katika nchi za viwanda wako wanaoilaza miguu kabisa juu ya shaba, kwa sababu kwao kipande kikishaungwa hakitoki tena. Kwetu Kolwezi ubao hauishi maisha mamoja. Redio iliyokufa hutoa kapasita kwa redio iliyo hai. Transista ya jirani huombwa jioni. Mguu uliolazwa hautoki bila kung'oa shaba, na shaba ile si nene: katika mbao za kawaida unene wake ni sehemu 35 za elfu za milimita. Basi tanueni miguu kidogo tu, ya kutosha kuzuia kuanguka. Tukilazimishwa kuchagua, twachagua kumfikiria yule atakayekuja kuifungua kazi yetu kesho.

Lakini vipande vingine vyataka kusimama wima, kama taa ya ledi inayotakiwa kutokeza katika tundu la kisanduku. Hapo yapo maarifa ya mguu mmoja. Lehemu mguu mmoja tu, kwa kidoto kidogo. Geuza, tazama. Kipande kimeinama? Kisukume taratibu kwa kijiti kikavu huku ukiyeyusha tena kidoto kile, kikikaa sawa ondoa moto, na usikiachilie mpaka umalize hesabu ya tano. Ndipo ulehemu mguu wa pili kwa utulivu, kwa kuwa wa kwanza sasa umekuwa mkono wako. Mwisho urudie ule wa kwanza na kuukamilisha. Miguu yote ikishaungwa, kipande kilichopinda hakinyoki tena. Tena wakati huo wa mguu mmoja ndio wakati wa kutazama kama taa na kapasita hazikugeuzwa: mguu mrefu ni wa upande wa jumlisha. Kapasita ya elektroliti iliyogeuzwa yaweza kupasuka.

Na ubao wenyewe ukitembea juu ya meza? Hapa ndipo tulipomjibu yule kijana. Tulimwambia alete koleo ya nyumbani na kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Akata utepe mwembamba wa mpira, akauzungusha juu ya mipini ya koleo mara tatu. Meno ya koleo yakajifunga yenyewe, yakauma ukingo wa ubao, na uzito wa koleo ukautuliza. Kibanio cha nguo hufanya kazi hiyo hiyo kwa nyaya za betri, bora kile cha mti, kwani cha plastiki huyeyuka. Madukani huuzwa jiriwa ndogo na vishikio vyenye meno juu ya mguu mzito wa chuma. Ni vyombo vizuri, anayeweza anunue. Mwanafunzi wetu aliitazama koleo yake na kusema, "Mwalimu, huyu hachoki."

Umeme ukikatika

Umeme wa Kolwezi hutoka karibu, kwenye maporomoko ya Lualaba. Mitambo ya Nzilo na Nseke ilijengwa huko miaka ya 1950, zaidi kwa ajili ya migodi. Hata hivyo kila nyumba yajua kukaa gizani. Kwa anayelehemu, umeme ukikatika katikati ya kiungo, ziko hatari mbili. Kama ncha ya chuma bado ina moto, iondoe mara moja na utulie. Lakini kama imekwisha kupoa, lehemu huganda na kuishika ncha hiyo pamoja na shaba ya ubao. Usivute! Ukivuta, utaibandua ile shaba nyembamba, na ubao utakuwa kilema. Acha vyote vilale mezani jinsi vilivyo, umeme urudi, chuma kipate moto, nacho kitajiachilia chenyewe. Wahunzi wa mabati tangu zamani hutia kipande kinene cha shaba katika makaa ya mbabula na kulehemia ndoo na sufuria. Kwa nyaya nene njia hiyo yafaa hata leo. Kwa transista moto wake haupimiki, nasi hatuishauri.

Shaba inayorudi nyumbani

Tumetaja shaba mara nyingi, na msomaji wa Kolwezi hawezi kulisikia neno hilo kama wengine. Mababu waliijua. Katika makaburi ya kale ya Sanga, kando ya ziwa Kisale katika bonde la Lualaba, imefukuliwa misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama fedha karne nyingi kabla ya mzungu kufika. Mnamo 1926 Monsinyori de Hemptinne aliandika habari za wahunzi wa Katanga walioitwa walaji wa shaba, na namna walivyoiyeyusha. Kisha ikaja Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, kisha Gécamines baada ya 1967, na leo makampuni mengi. Bati nayo ni yetu: ilichimbwa Manono, na yachimbwa Bisie, huko Walikale.

Lakini mtoto wa hapa huiona shaba ikiondoka tu. Huona malori. Huwasikia vijana wa Kasulo, ambako tangu 2014 watu walichimba chini ya nyumba zao wenyewe wakitafuta kobalti. Shaba ikifanya kazi yake, ikipitisha umeme kutoka mguu huu hata mguu ule na kuwasha taa, hiyo haioni, maana hufanyika mbali. Kifurushi kidogo cha vipande 10 humwonyesha. Ndiyo maana twasikitika kinapotupwa chini ya kitanda kwa sababu tu hapakuwa na kitu cha kukishikia.

Huenda mtu akauliza, viwandani hushikaje? Vipande vya siku hizi ni vidogo kama punje ya mtama, navyo havina miguu. Mashine huvibandika juu ya uji mzito wa lehemu, na uji huo ndio unaovishika. Vikiingia katika tanuru, lehemu huyeyuka, na nguvu ile ile inayokusanya tone la maji juu ya jani huvivuta vipande mahali pake, hata kama vilikaa upande kidogo. Kwa hiyo viwandani pia hakuna anayeshika kwa vidole.

Sasa miguu 22 imekwisha, na nyaya 2 za betri. Kateni miguu iliyozidi, mkiifunika kwa kidole wakati wa kukata, kwa kuwa huruka na kupiga jicho. Wala msikate kilima cha lehemu chenyewe. Tieni betri. Taa zisipopokezana, msikimbilie kulehemu upya kila mahali. Chukueni kijiti kikavu, mguse kila kipande kwa zamu, mkikisukuma kidogo sana, na jicho liwe kwenye taa. Kipande ambacho kikiguswa taa hushtuka, huyo ndiye aliyetikisika alipokuwa akipoa. Bana ubao kwa koleo, weka ncha juu ya mguu wake mpaka lehemu iyeyuke yote, ongeza kidogo, ondoa moto, uhesabu mpaka tano.